Mchezo wa Kijapani Kiganjani mwa Baba

Baba alipoanguka kutoka kwenye jukwaa nilikuwa darasa la sita. Alikuwa fundi mwashi, na siku hiyo alikuwa akipiga plasta ukuta wa ghorofa moja huku kwetu Likoni. Ubao ukakatika, akateremka nao hadi chini, mfupa wa paja ukavunjika mahali pawili. Hospitalini walimtia vyuma, wakamweka wiki kadhaa, kisha wakamrudisha nyumbani na amri moja: asikanyage chini mpaka aambiwe.

Baba hakuwa mtu wa kulala. Wiki ya kwanza alizihesabu boriti za dari na kugundua kwamba moja ilikuwa imepinda. Wiki ya pili alianza kumwelekeza Mama, kutoka kitandani, namna ya kuupika mchuzi aliokuwa akiupika tangu waoane. Mama akatoka nje, akasema na ukuta: "Huyu akilala hivi mwezi mwingine, nitavunjika mimi."

Aliyetuokoa ni mjomba, kakake Mama, aliyekuwa baharia katika meli za kubeba magari. Aliporudi kutoka safari alikuja na boksi lililofungwa kamba. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu ya rangi ya kijivu, pedi moja ya kuchezea, transfoma nzito kama tofali, kwa sababu umeme wa Japani una nguvu ndogo kuliko wetu, na gemu moja tu, sidii tatu ndani ya kasha moja. Aliinunua katika duka la vitu vilivyotumika kwa sababu aliipenda picha ya juu, ingawa rangi zake zilikwisha pauka zote: msichana ameshika mkuki, amesimama katikati ya daraja.

"Shemeji, hii itakushughulisha," alisema.

"Yaitwaje?" Baba akauliza.

"Wallahi sijui. Imeandikwa Kijapani."

Kumbe si jina peke yake. Kila neno ndani ya gemu ile lilikuwa la Kijapani, na juu ya hayo picha ilitoka nyeusi na nyeupe, ingawa televisheni yetu ilikuwa ya rangi. Mjomba alibonyeza vitufe vyote, akapiga televisheni kofi mgongoni, akakata tamaa. Miaka mingi baadaye, nikiwa na kazi yangu, ndipo nilipojua kwamba mashine za kule zilituma picha kwa mpangilio ambao televisheni za huku hazikuuelewa vizuri. Siku ile tuliamini tu kwamba ndivyo gemu ilivyo.

Haikuwa gemu ya kukimbia na kuruka. Ilikuwa safari. Msichana wa mkuki anatoka mjini kwao, anakutana na mzee mwenye mkoba wa dawa, kisha na askari, kisha na mnyama mdogo kama mbweha, na hao wanne wanatembea kutoka mji hadi mji. Wanaingia majumbani mwa watu, wanazungumza nao. Wakikutana na maadui, kila upande unajipanga ukitazamana na mwenzake, na kila mtu anangoja zamu yake. Zamu yako ikifika unaletewa mistari minne ya maandishi uchague.

Baba alichagua wa kwanza. Msichana akapiga kwa mkuki. Akachagua wa pili, msichana akanywa kitu kutoka kwenye kichupa. Wa tatu, moto ukashuka kutoka juu. Wa nne, wote wakatimua mbio.

"Leta daftari," Baba aliniambia. "Andika."

Nikawa karani wake. Nilichora kila alama na pembeni nikaandika kwa Kiswahili ilichofanya. Moja ilikuwa kama ngazi iliyopoteza mguu: kupiga. Nyingine kama kijumba chenye mtu ndani: dawa. Baba aliacha shule darasa la nne, na gazeti alilisoma kwa kidole, polepole. Lakini zile alama alizishika upesi kuliko mimi. Miezi mitatu haikupita kabla hajazijua zaidi ya mia moja. Nilipokosea alinirudi: "Hiyo si dawa ya jeraha, ni dawa ya sumu. Tazama mkia wake." Nami nikitazama naona kweli, pana mkia mdogo, mwembamba kama unywele. Maisha yake yote aliyapitisha akitazama kama tofali limekaa sawa au limeachana na uzi wa kupimia kwa unene wa ukucha. Jicho lile lile sasa lilikuwa likisoma Kijapani.

Kisha kulikuwa na mazungumzo. Watu wa ndani ya gemu wakizungumza, kisanduku hujaa maandishi chini ya kioo, na hayo hata daftari halikutusaidia.

"Yuwasemaje?" Mama aliuliza siku ya kwanza alipokaa nasi.

Baba alikitazama kisanduku kama mtu anayesoma barua. "Asema kisima chao kimekauka. Awaomba waende kwa mfalme."

Hivyo ndivyo hadithi ilivyopatikana. Baba aliisimulia, mji baada ya mji, bila kusita na bila kujipinga. Msichana alikuwa binti wa mlinzi wa daraja. Askari hakuzungumza kwa sababu ya nadhiri. Yule mzee wa mkoba alikuwa tabibu, na ndiye aliyekuwa kipenzi cha Baba. Alichechemea, alitembea na fimbo, na kila alipofungua kinywa Baba alimpa sauti yake mwenyewe na hekima yote ambayo kitandani hakuwa na mtu wa kumpa. Majirani walianza kuja baada ya alasiri. Mama, ambaye hakuwahi kushika pedi, alikuwa ndiye ramani yetu. "Kushoto mwa kisima, si kulia. Kulia ndiko tulikokula fimbo jana." Na kwenye dawa alikuwa mkali: "Mwampa huyo askari vichupa vyote, kwani hawa wengine si watu?"

Tulifika sidii ya tatu. Karibu na mwisho palikuwa na tukio refu ambapo tabibu aliwaacha wenzake, akaondoka peke yake akiinamisha kichwa. Baba alitueleza kwamba amerudi kuwatibu wagonjwa wa mji wa kwanza. Jirani mmoja alifuta machozi kwa upindo wa leso. Tukaingia kwenye mnara mkubwa, na adui wa mwisho akatushinda mara saba. Kabla ya mara ya nane ikaja mvua ya masika, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na transfoma ikatoa moshi. Mashine nayo haikuwaka tena.

Nilichukua bisibisi ya cherehani ya Mama nikasimama mbele ya Baba, naogopa kuomba.

"Fungua," akasema. "Imekwisha kufa hiyo, hutaiua mara ya pili."

Niliifungua. Niliona kipande kimoja kimeungua na kuvimba, nisijue kinaitwaje wala kinafanya nini. Sikuitengeneza. Lakini hamu niliyoipata pale ya kukijua kile kipande haikuniacha tena. Baada ya muda mfupi Baba aliruhusiwa kukanyaga chini, akarudi kazini na mguu mmoja mfupi kidogo, akajenga nyumba nyingine nyingi. Ile hadithi ikabaki bila mwisho.

Leo nina kibanda changu Magongo, natengeneza simu na kila chenye betri. Wateja wageni bado huchungulia ndani, wakamwona mwanamke, wakaniuliza, "Fundi yuwapi?" Nami nawajibu, "Uko naye." Wengi huondoka wakitabasamu, na wengi hurudi.

Kijana mmoja, mgeni kutoka bara, aliniletea gemu ya mkononi, zile za kushika kwa mikono miwili zenye kioo katikati. Kioo kilikuwa kimepasuka vibaya na betri imevimba. Akaniambia amekwisha pata nyingine, hii nifanye nitakavyo. Nilitafuta kioo, nikabadili betri, nikasafisha vitufe. Ilipowaka, nilifungua orodha ya gemu zinazouzwa mtandaoni ili nione kama mtandao unashika. Nikiteremsha orodha kwa kidole, nikasimama.

Msichana. Mkuki. Daraja. Na nguo yake ilikuwa ya kijani.

Nilikaa chini. Walikuwa wameitoa upya gemu ile, wakaiweka kwenye vifaa vya mkononi, na sasa ilikuwa na Kiingereza pia. Niliinunua pale pale.

Watu huniuliza, hasa vijana wanaoleta gemu zao, kama hizi za zamani zinachezeka bado au ni kumbukumbu tu inayozipamba. Nitasema nilichokiona. Siku za kwanza nilisikitika. Miji niliyoikumbuka mikubwa ilikuwa vijiji vya nyumba tano. Watu walikuwa vipande vya miraba, miguu yao kama matofali mawili. Herufi za Kiingereza zilikuwa ndogo, nikalazimika kukileta kifaa karibu na pua. Na maadui! Hatua nne, maadui. Hatua tatu, maadui.

Lakini nilikuwa nikivuka feri kila Jumapili kwenda kuwasalimu wazazi, na humo ndimo gemu ilipoanza kunirudisha. Zamani tulilazimika kufika mahali maalumu ndipo tuhifadhi safari yetu, na umeme ukikatika kabla ya hapo tunapoteza mchana mzima. Sasa feri ikigusa ng'ambo nabonyeza kitufe kimoja, dunia yote ile inalala, nashuka na watu. Nilivaa spika za masikioni nikasikia ngoma nzito chini ya muziki wa mji wa kwanza, ngoma ambayo televisheni yetu haikuwahi kuitoa. Na kule kungoja zamu, ambako vijana hukuita uzembe, ndiko kulikonishika kuliko vyote. Gemu nyingi nitengenezazo vifaa vyake zinamfukuza mtu. Hii inakungoja. Unafikiri, unachagua, unaona ulichochagua kimezaa nini. Kwa mtu aliyesimama kwenye feri na mkoba begani inafaa kama ilivyomfaa mtu aliyelala na vyuma pajani. Naweza kusema bila kumwonea haya mtu: kwenye kiganja imekaa vizuri kuliko ilivyokaa kwenye ile televisheni.

Basi nikaendelea, nikisoma kila neno, mpaka adhuhuri moja pale kibandani nilipofika pale tabibu anapoondoka. Nilisoma. Nikarudi nyuma nikasoma tena. Tabibu hakuwa akienda kutibu mtu. Tangu mwanzo alikuwa akipeleka habari zao kwa mfalme. Yeye ndiye aliyeuuza mji wa kwanza, na maji yalikatwa kwa sababu yake.

Nilikifunga kifaa. Simu mbili za wateja zilinisubiri mezani, sikuzigusa mpaka alasiri.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Likoni. Baba sasa amepita miaka sabini, jicho moja limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, vidole vimekuwa vigumu kwa saruji ya miaka yote ile. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wanificha mkono?"

Nikamwekea kifaa kiganjani. Alikipima uzito kwanza, kama kigae, kisha akavaa miwani.

"Huyu ni binti wa daraja," akasema polepole.

"Ndiye."

"Nguo yake ya kijani."

"Ndiyo, Baba."

"Nami miaka yote hiyo namvisha nyekundu!" Akacheka mpaka Mama akatoka kuangalia kuna nini.

Nilimwanzishia safari mpya. Maandishi ya kwanza yalipotokea, alikunja uso, nikamweleza kwamba ni Kiingereza na kwamba safari hii nitamsomea wasemalo hasa. Mwanamke wa mji wa kwanza akaja. Nikatafsiri: "Asema mto wao umekauka, wamtume mtu kwa mfalme."

Baba akainua kidole juu. "Niliwaambia! Mama watoto, wasikia? Niliwaambia!"

"Wewe ulisema kisima," Mama akajibu. "Huyo asema mto."

"Maji ni maji."

Mambo mengi aliyapata. Binti alikuwa kweli wa mlinzi wa daraja. Askari alikuwa na nadhiri, ingawa sababu yake ilikuwa nyingine. Hata nadhiri ameipatia! Mtu aliyelala chali, bila lugha, kwa kutazama tu namna kijipicha kinavyoinamisha kichwa, aliusoma moyo wa hadithi iliyoandikwa upande wa pili wa dunia. Lakini kadiri alivyofurahi ndivyo lile la tabibu lilivyozidi kunielemea. Nikaona si haki alifikie peke yake.

"Baba, kuna jambo. Tabibu hakwenda kutibu watu. Aliwasaliti. Alikuwa mtu wa mfalme."

Kidole gumba chake kilisugua ukingo wa kifaa.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Na ule mji wa kwanza?"

"Ni yeye."

Sikujua kama nimemwibia kitu. Kisha akauliza, "Je, mwishowe alitubu?"

"Sijafika mwisho."

"Basi tusimhukumu kabla hatujafika." Akanirudishia kifaa. "Ila niwekee ile lugha yetu."

"Kiswahili hakimo, Baba."

"Nani katia Kiswahili hapo? Ile lugha yetu."

Nilichukua muda kumwelewa. Nikaingia kwenye mipangilio, nikatafuta, nikabadilisha. Kioo kikajaa Kijapani.

Uso wa Baba ulifunguka. "Naam," akasema. "Hii hapa." Pambano la kwanza likaja, akaupita mstari wa kwanza, akachagua wa pili, ikafunguka orodha ya dawa. Daftari letu lilikwisha liwa na mchwa zamani sana, sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Hakuhitaji. Kidole kikashuka polepole, kikatua. "Dawa ya sumu," akasema. "Ina mkia."

Akabonyeza. Ilikuwa dawa ya sumu.

Nimewahi kuona watu wakisifiwa kwa elimu, wamevishwa majoho na mashada. Baba hakuwahi kuvishwa kitu. Siku ile, pale barazani, nilitamani mji mzima upite umwone.

Ila vitufe vilimshinda. Vidole vyake vilikuwa vinene, akikusudia kimoja anabonyeza viwili, na mara mbili aliwakimbiza wenzake vitani bila kutaka. Nilirudi na kifaa Magongo. Nikakata mpira kutoka kwenye rimoti kuukuu, nikavipandishia vitufe kimo na kuviachanisha, nikatengeneza mshiko mpana nyuma kwa vipande vya kasha la simu, nikaulainisha kwa msasa mpaka ukakaa kama umezaliwa nacho. Nimefanya kazi nyingi ngumu kuliko hiyo. Hakuna niliyoitazama kwa furaha vile.

Alicheza miezi minne, kila siku kati ya alasiri na magharibi. Mama alivuta kiti karibu, na kwa kuwa kioo ni kidogo ilibidi waegemeane mabega. Hilo televisheni haikuwahi kulifanya. Majirani hawakuweza kuona, basi Baba aliwahadithia huku akicheza, na safari hii Mama alikuwa akimsahihisha.

Siku alipofika kwenye mnara alinipigia simu. "Jumapili njoo mapema."

Nilifika kabla ya chai kupoa. Adui wa mwisho alitushinda mara moja, akatushinda mara mbili. "Vichupa gawanyeni," Mama akasema, na Baba akagawanya. Mara ya tatu, binti akiwa karibu kuanguka, pambano likasimama lenyewe na tabibu akaingia kutoka pembeni, fimbo mkononi.

"Geuza," Baba akaniambia. "Hapa nataka kusikia wasemalo."

Nikabadilisha lugha, nikasoma. Tabibu hakujitetea. Alimwambia binti kwamba amekuja kutibu tu. Binti akamjibu: nitibu, kisha uondoke, nisikuone tena.

Baba alitikisa kichwa taratibu. "Amesema kweli huyo binti. Kumpokea wampokea, lakini hawezi kukaa nao. Haya, geuza tena."

Nikamrudishia Kijapani chake. Tabibu akamtibu binti, binti akapiga, askari akapiga, mbweha akapiga, na Baba, bila haraka, akachagua mstari wa tatu. Moto ukashuka. Adui akapiga magoti, akafifia, akatoweka.

Mama alisema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyepokea mgeni salama.

Kisha majina yakaanza kupanda kwenye kioo, ya watu walioitengeneza gemu, yote kwa Kijapani, mstari baada ya mstari. Nilinyoosha mkono niyaruke, kama nifanyavyo kila mara.

"Wacha," Baba akasema. "Ni nini hayo?"

"Majina ya waliotengeneza, Baba. Waliochora, waliotunga, waliopiga muziki."

"Wote hao ni mafundi?"

"Wote."

Akakishika kifaa kwa mikono miwili, akakiinua hadi usawa wa uso. "Basi wacha wapite. Fundi akipita, mtu humpisha."

Yalichukua muda mrefu. Chai ilipoa, Mama akaenda kuipasha na kurudi, na bado yalikuwa yakipanda. Baba hakuyaondolea macho hadi la mwisho lilipotokea juu ya kioo na kubaki pale.